Mzigo wa Masale

Simu ya Upendo ilinikuta mpakani, nikipunguza masale yaliyokuwa yameanza kuinamia kwa jirani. "Mjomba Amini," alisema, "Bibi ametutoka asubuhi hii." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole. Bibi Aikaeli alikuwa bibi yake yeye, si wangu. Mimi ndiye niliyemuua Ruthi, binti wa Bibi Aikaeli, aliyekuwa mama yake Upendo. Nasema kuua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa hakimu alitumia maneno marefu zaidi, na watu wa kwetu Masama hutumia mafupi zaidi: wao husema "ile ajali." Jina hilo la "mjomba" nilipewa na Bibi mwenyewe, na mpaka leo nikiitwa hivyo nahisi nimevaa koti la mtu mwingine. Nilipokata simu nilibaki nimesimama na panga langu, nikitazama safu ya masale inayoizunguka nyumba yangu hapa Mabogini. Wageni wa huku tambarare huniuliza kwa nini nilihangaika kuyaleta kutoka mlimani wakati minyaa ingetosha. Huwa nawajibu kwamba ni mazoea ya Wachagga. Jibu hilo ni la kweli, lakini si lote.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza siku nilipotoka gerezani, kijana wa miaka ishirini na kitu, nikiwa na mfuko wa plastiki wenye nguo zilizokuwa zimenizidi ukubwa. Dada yangu Ndeshi alinipa chumba cha nyuma nyumbani kwake Rau, kilichokuwa stoo ya magunia ya mahindi. Alikuwa amekifagia, akaingiza kitanda chembamba na shuka lililonukia sabuni ya mche, na dirishani akatundika kitenge kiwe pazia. Jioni ile alipika machalari, ndizi na nyama, chakula nilichokuwa nikikiota kwa miaka mitatu, nami nikashindwa kukimaliza. Nilikuwa nimezoea kula harakaharaka, mkono wa kushoto umeizunguka sahani ili mtu asininyang'anye, na nilipoinua macho niliwaona wanawe wananitazama mkono ule. Niliuondoa, nikauweka pajani, na baada ya hapo nilijiona kama mgeni aliyesahau namna ya kutafuna. Ukuta kati ya chumba changu na sebule ulikuwa wa mbao na haukufika juu. Walipodhani nimelala, shemeji yangu alisema, "Simkatai. Nauliza tu, atakaa mpaka lini?" Ndeshi akamjibu, "Mpaka apate pake." Shemeji akauliza bila hasira yoyote, "Na nani atamuuzia?"

Sikuweza kumlaumu, maana swali lenyewe nilikuwa nalo tayari. Kwetu kihamba cha baba, lile shamba la migomba na kahawa, huenda kwa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Sisi wa katikati tunaombewa heri na kuambiwa dunia ni pana. Kaka yangu Elia alikuwa na sehemu yake Masama, mdogo wetu alikuwa na nyumba ya wazazi, na mimi nilikuwa na leseni iliyofutwa. Kabla ya kifungo nilikuwa naendesha pikapu ya ndizi, nikiwapeleka akina mama wa Masama na mizigo yao sokoni Moshi. Siku ya ajali kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa jirani na nilikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimewahi kumwambia wakili kwamba nilikunywa kidogo. Nilikunywa sana. Ruthi alikaa mbele karibu yangu, na mkungu wake mzuri aliupakata kwa kuogopa usichubuke. Tuliposhika mteremko alisema, kwa utani kabisa, "Punguza, Amini, ndizi hazikimbii." Nikacheka, nikakanyaga mafuta. Kama angenitukana labda ningepunguza. Lakini alinitania, nami nilitaka kumwonyesha.

Nilipokuwa ndani, wazee wa ukoo wetu walikwenda kwa Bibi Aikaeli na mbuzi, na isale. Kwa asiyetujua nieleze: isale, kwa wingi masale, ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, na ni huohuo unaoshikwa mkononi na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai. Unaweza kulia, unaweza kumwambia mtu maneno yote uliyoyaweka moyoni, lakini mwisho unalipokea. Basi Bibi alilipokea, na mimi niliposikia habari hiyo gerezani nilifurahi kama mtu aliyefanyiwa mtihani na mwenzake. Nilipotoka kila mtu alinipokea kwa neno moja, yamekwisha. Elia alisema yamekwisha, mchungaji alisema yamekwisha, hata Ndeshi, akiwa anachambua mchele, bila kuinua kichwa. Nikapata kisingizio cha kutokwenda kwa Bibi, kwani ningekwenda kufanya nini, kufukua yaliyokwisha? Nilipopanda Masama kumwona Elia nilipita njia ya kando ya mfereji, iliyo nyuma ya mashamba, ili nisikanyage mbele ya lango lake.

Kazi niliipata Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga ya Mzee Msangi, Mpare mmoja mwenye sauti ndogo aliyekuwa amestaafu ualimu na kuanza kuumwa magoti. Nilipalilia, nilibeba magunia, nilifungua na kufunga maji. Gari sikutaka hata kuliosha. Mchana vibarua tulikula ugali na dagaa ndani ya kijumba cha vyumba viwili alichokianza kwa ajili ya mwanawe, ambaye baadaye alikwenda zake Dodoma. Kilikuwa na kuta za matofali ya saruji na mabati, bila dari, bila sakafu, na dirisha moja lililozibwa na kipande cha gunia. Wenzangu walilalamikia joto lake. Mimi nilikuwa natafuna dagaa huku najiambia kitanda kingekaa pale, meza pale, na hapo nje ya mlango mtu angeweza kupanda mgomba mmoja wa kujifariji. Sikuwa nimewahi kutamani kitu kwa namna ile, na nilijionea aibu, kwa kuwa Ruthi naye alikuwa akiweka akiba ajenge chake. Nilijua kwa sababu tulipokuwa njiani sokoni alipenda kuhesabu kwa sauti mabati atakayonunua. Hata hivyo nilipomsikia Mzee Msangi akisema atakiuza pamoja na kieneo chake, nilimfuata siku hiyohiyo. Nilikuwa na akiba kwa Ndeshi, na Elia alikuwa tayari kuuza ndama aniongezee.

Mzee Msangi alinikaribisha barazani, akanipa chai ya rangi. "Kijana, bei tutaelewana," alisema. "Lakini nimesikia uliua mtu kwa gari."

"Ni kweli, mzee."

"Na ulikuwa umelewa."

"Ni kweli."

"Ya serikali umeshamalizana nayo, sikuulizi. Nauliza wale watu wenyewe. Nikikuuzia, mimi na wewe tutatumia mfereji mmoja. Siwezi kugawana maji na mtu ambaye kuna mama mahali anamlilia Mungu kwa ajili yake. Niletee mtu aniambie yamekwisha, na hapohapo tupande mipaka."

Nilimwambia yamekwisha kweli, wazee walishapeleka isale. Akasema hilo ni jambo jema, basi haitakuwa kazi kumpata wa kulisema. Niliondoka pale nikijua anamtaka mtu wa upande wa Ruthi, na kabla sijafika Rau nilikuwa nimeshaamua kumpelekea Elia. Elia alikuwa na suti na sauti ya kanisani. Angelisema vizuri, na mzee yule asingeuliza sana.

Jumamosi nilipanda Masama kumweleza Elia na kuchukua masale ya mpakani. Nilitaka masale, si minyaa. Nilitaka mtu akipita ajue hapa anakaa mtu mwenye kwao. Elia alikubali kushuka Jumatatu. Tulikata masale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, tukayafunga kwa kamba za mgomba, mzigo mkubwa, nikaubeba begani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mfereji ulikuwa umefurika, njia yangu ya kujifichia yote ni tope. Nikashika njia kubwa. Nilitembea haraka nikitazama chini, na nilipolikaribia lango la Bibi Aikaeli nilikuwa karibu kukimbia. Sikukumbuka hata kidogo nilichokuwa nimebeba. Mtu wa kwetu akimwona aliyemkosea anakuja kwake na masale, hahitaji kuambiwa kitu kingine.

"Amini."

Alikuwa amesimama langoni, kanga kiunoni, mikono ina majivu. Aliyatazama yale majani begani kwangu, kisha akanitazama mimi. "Umekuja," alisema.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, hapana Bibi, napita tu, haya ni ya mpakani. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu shambani, na hutoka kwa urahisi kabisa. Siku ile nilisema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ingia, usinisimamishe na magoti haya. Yeleuwi, walikuwa hawawapi chakula huko?"

Nyumba yake ilikuwa na giza la kupendeza, harufu ya moshi na ya maziwa, na benchi lililokuwa limelainika kwa kukaliwa. Picha ya Ruthi ya kipaimara ilikuwa ukutani, gauni jeupe, uso umekunjwa kwa jua. Nilikaa nikiipa mgongo. Bibi alinawa, akaniletea kiburu kwenye bakuli la bati, ndizi na maharage, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kulizunguka bakuli. Aliuona, akaniongezea. Kwenye mlango wa jikoni alisimama msichana mdogo mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, akiwa amembana paka kwapani. Sikuhitaji kuuliza ni wa nani. Alikuwa na kipaji cha uso cha Ruthi.

"Wazee wenu waliniletea isale lako," Bibi alisema. "Nililipokea, kwani ningefanyaje? Lakini nilikaa hapa nikajiuliza, huyu kijana mwenyewe hana mikono?"

"Nilikuwa ndani, Bibi."

"Umetoka lini?"

Nilimtajia mwezi. Alihesabu kimoyomoyo, niliiona midomo yake. "Njia ya mfereji ni ndefu," alisema, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Kumbe alikuwa akiniona siku zote nikipita nyuma ya migomba yake.

Nikapiga magoti. Nilivuta mmea mmoja kutoka kwenye ule mzigo, nikamnyooshea kwa mikono miwili, nikasema maneno yote yanayosemwa. Nililia pia, na machozi yale hayakuwa ya uongo, hilo naliapia. Ila hata nikilia, kichwani nilikuwa nafikiria Jumatatu. Nilikuwa nafikiri kwamba sasa huyu mama anaweza kumwambia Mzee Msangi kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bibi," yule msichana aliuliza kutoka mlangoni, "mbona ameleta mengi hivyo?"

"Nyamaza, Upendo. Makosa mengine ni makubwa." Bibi alilipokea isale, akalilaza mapajani pake, akalipapasa jani kama anayetafuta mahali lilipochanika. Kisha akatoa mbege. Sikuwa nimeionja tangu siku ya ajali na nilikuwa nimejiapiza kutoionja tena. Alinywa yeye kwanza kidogo, akanipa kibuyu kilekile. "Najua," alisema. "Kunywa funda moja tu. Hii unakunywa mbele yangu." Nikanywa. Ilikuwa tamu, na utamu ule ulinichoma kuliko kama ingekuwa chungu. Akaniambia nikae tena benchini, akaniuliza sasa naishi wapi, nafanya nini, nitaoa lini. Nikamweleza habari za kijumba cha Mabogini, polepole, nikiacha nafasi kati ya sentensi, na nilipofika kwenye sharti la Mzee Msangi, na kwamba Elia angeshuka Jumatatu kunisemea, niliinamisha kichwa. Nilijua ninachokifanya. Bibi akasema, "Jumatatu, eh? Basi huyo kaka yako abaki na ng'ombe wake. Nitashuka mimi."

Alishuka kweli, amevaa viatu vyake vya kanisani, amemshika Upendo mkono. Alimsalimia Mzee Msangi, akakataa kiti, akasema mbele ya majirani waliokuja kushuhudia: "Mimi ndiye mama wa marehemu. Huyu alikuja kwangu kwa miguu yake na isale lake. Yamekwisha." Mzee Msangi alimshika mkono kwa mikono miwili, na mambo yote ya nyumba yalimalizika kabla ya chakula cha mchana. Bibi akapanda isale la kwanza kwenye kona ya mfereji, akalikandamiza kwa kisigino, akaingia ndani kukagua. "Jiko umeliweka wapi? Hapa? Moshi wote utaingia kitandani, mbe." Alicheka. Upendo alikimbia chumba hadi chumba akipiga kelele ili asikie sauti yake ikigonga mabati. Nami nilisimama mlangoni pangu, mlango wangu wa kwanza, nikiwa na ufunguo mfukoni, na sikuthubutu kuingia mpaka wao walipotoka.

Nimeishi humu tangu wakati huo. Nilioa, nikapata watoto, nikaweka sakafu na dari, nikamzika Mzee Msangi tukiwa hatujawahi kugombana juu ya maji. Kila mavuno nilimpelekea Bibi gunia la mchele, naye kila mara alilalamika kwamba lina chuya. Mara kadhaa nilipanda nikiwa nimeazimia kumwambia ukweli, na kila mara nilikuta amepika. Nilijifariji kwamba nikimwambia nitamwondolea amani aliyoipata. Hayo ni maneno mazuri, lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa nyumba. Niliogopa kwamba akijua atashuka tena na viatu vyake vya kanisani, asimame kwenye kona ya mfereji na kung'oa kile alichopanda.

Wiki iliyopita tulimzika ndani ya kihamba chake, karibu na Ruthi. Kichwani mwa kaburi la Ruthi limesimama isale kubwa, nene, na kabla sijaambiwa nililitambua kuwa ni lile nililompa Bibi. Baada ya watu kula na kuanza kutawanyika, nilimkuta Upendo kwenye jiko la Bibi akisugua masufuria. Sasa ni mwanamke mzima, muuguzi, na ana namna ya kufunga kilemba inayonifanya nitazame pembeni. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta. Sijui kama ni uchovu au ni lile benchi; nilimwambia yote, tangu tope la mfereji mpaka Jumatatu. Nilimwambia sikuwa nimekuja, nilikuwa napita.

Hakuacha kusugua. "Bibi alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Mjomba, nani anaomba msamaha kwa mzigo mzima? Isale ni moja. Hata mimi mtoto niliona." Alisuuza sufuria, akaligeuza juani. "Nilipokua nilimuuliza. Akaniambia, 'Alikuwa anapita, nikaona akipita leo hatakuja tena maisha yake yote, na mimi sina nguvu ya kumngoja. Ndiyo maana nilimwita.'" Kisha sauti yake ikabadilika. "Yeye alichagua hivyo. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa nikuite mjomba, nikakuita. Wazee walileta la kwao kwa Bibi, wewe ukaleta la kwako kwa Bibi. Hakuna aliyewahi kuniletea mimi."

Nilikiweka kile kitambaa mezani. Nilishuka Mabogini, nikalala bila kula, na asubuhi nikaenda kwenye kona ya mfereji, kwenye lile isale alilolipanda Bibi kwa kisigino chake. Nikakata tawi moja. Mke wangu aliniuliza nakwenda wapi na jani hilo mapema hivyo, nikamwambia nakwenda kwa Upendo, na yeye ambaye ni Mchagga mwenzangu hakuniuliza tena. Nilipanda Masama kwa njia kubwa, katikati ya barabara, nimelishika mkononi ambapo kila mtu angeliona. Watu walinisalimia, wakalitazama, wakapisha. Upendo alikuwa langoni akifagia majani ya migomba yaliyoachwa na wageni. Aliniona tangu mbali lakini hakuniita. Aliendelea kufagia mpaka nilipofika mbele yake, ndipo akaegemea fagio.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mila inasema halikataliwi, lakini kwangu mimi anaweza kulikataa, na nyumba ile, kama anaitaka, iko pale. Hakunipa nafasi. Alilitazama lile jani, kisha akanitazama usoni.

"Unakuja kwangu," aliuliza, "au unapita?"

"Nimekuja kwako," nikasema, nikapiga magoti kwenye vumbi alilokuwa amelifagia.